Ua la Kivulini na Safari Yake

Somo la redio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Natumaini mmekwisha kukaa katika vikundi vyenu, na kila kikundi kimepata mtu wa kuandika. Ninyi wa milimani jivuteni karibu na moto. Ninyi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, mlio chini kwenye joto, sogeeni penye upepo wa ziwa. Kama kikundi chenu kina ramani ya Afrika, itandazeni mahali ambapo kila mtu aweza kuiona.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya mfalme wala ya vita. Ni historia ya ua dogo, ua la kivulini, ambalo wengi wetu tumelikanyaga tulipokwenda kuteka maji. Msicheke. Mwisho wa somo mtaona kwamba habari ya ua hili yahusu maji tunayokunywa na mashamba tunayolima.

Niwaambieni kwanza jinsi nilivyoanza kulichunguza. Miaka michache iliyopita nilikuwa Dar es Salaam kwa kazi, nikaingia dukani nikanunua pakiti ya mbegu za maua. Ilikuwa na picha nzuri, na maandishi ya nchi za mbali. Nikalipa, nikarudi Mbinga, nikazipanda katika mikebe chini ya baraza. Zilipochanua, mama yangu alikuja kunitembelea kutoka kijijini. Alisimama akaziangalia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, haya si yale ya kule mtoni kwetu?" Nikamjibu, "La, mama, haya nimeyanunua." Mama akaniangalia kwa huruma, kama amwangaliavyo mtu aliyenunua maji ya mvua.

Niliona haya, nikaenda kusoma. Nikakuta kwamba mama alikuwa amesema kweli, au karibu sana na kweli. Maua ya pakiti na maua ya kijitoni kwetu ni ndugu wa ukoo mmoja. Ua lile la dukani asili yake ni Afrika ya Mashariki, toka Kenya, kupita Tanzania, hata Malawi na Msumbiji. Mimi nilikuwa nimelinunua baada ya kuzunguka dunia.

UA LENYEWE

Na tulitazame kwanza ua lenyewe. Shina lake ni laini na limejaa maji. Ukilibonyeza kwa kucha laminyika. Majani yake ni mabichi na yana meno madogo pembeni. Ua lina petali tano zilizo bapa, za rangi ya waridi, nyekundu, zambarau au nyeupe. Mmea huu wapenda kivuli na unyevu: kando ya vijito, chini ya miti mikubwa, katika makorongo ambamo jua halifiki mchana kutwa. Ukiuweka juani pasipo maji, kabla ya saa nane umekwisha kulala.

Wataalamu wauita ukoo huu kwa jina la Kilatini, Impatiens, maana yake "asiye na subira". Sababu ya jina hilo watoto wetu waijua bila kwenda shule. Mbegu zikikomaa, kifuko chake huvimba, na ukikigusa tu, hupasuka ghafula. Maganda yake hujikunja, na mbegu zikaruka mbali. Hii ndiyo njia ya mmea usio na miguu kuwapeleka watoto wake mahali papya.

Sasa tazameni nyuma ya ua. Mtaona mkia mwembamba uliojipinda, mrefu kuliko ua lenyewe. Mkia huo ni mrija, na ndani yake mna mbochi, yaani yale maji matamu ya ua. Mrija huo ni mwembamba mno kwa mdudu mwenye ulimi mfupi. Kipepeo ana ulimi mrefu ulioviringwa kama kamba. Yeye hutua juu ya petali zile bapa kama atuaye uwanjani, akaukunjua ulimi wake na kunywa. Anapokunywa, kichwa chake chapakwa chavua, yaani ule unga wa ua.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Kila ua huanza likiwa dume, halafu likawa jike. Mwanzoni sehemu za chavua zimeungana pamoja na kufanya kofia ndogo, nayo kofia hiyo yafunika sehemu ya kike. Baada ya siku chache kofia huanguka, na sehemu ya kike yaonekana. Basi chavua haina budi kutoka ua moja kwenda jingine, na mchukuzi ni kipepeo. Katika ukoo huu wako wengine ambao mrija wao ni mnene, na hao hutembelewa na nyuki, au na ndege chozi. Barani Afrika zipo aina zaidi ya 100 za ukoo huu, na milima ya Tanzania ni mojawapo ya mahali zilipo nyingi sana. Baadhi yake hazipatikani mahali pengine popote duniani ila katika mlima mmoja au miwili.

WALIOLICHUKUA

Sasa tuingie katika historia. Tazameni ramani, mtafute mto Zambezi na mto Shire, utokao kusini mwa Ziwa Nyasa. Mwaka 1858 Dr. David Livingstone alifika Zambezi na msafara wake. Pamoja naye alikuwamo kijana mmoja Mskoti, daktari na mtaalamu wa mimea, jina lake John Kirk. Mwezi wa Septemba mwaka 1859 waliliona ziwa letu kwa mara ya kwanza, upande wa kusini. Kirk alikuwa mtu wa kukusanya: popote alipopita alikata tawi, akalikausha katika karatasi, akaandika mahali na tarehe.

Mwaka 1861 wakaja wamisionari wa kwanza wa Universities' Mission, ambayo wazee wetu wa mwambao waliijua kwa herufi nne, U.M.C.A. Kiongozi wao alikuwa Askofu Charles Mackenzie. Miongoni mwao alikuwamo Mwingereza asiye padre wakati ule, Horace Waller, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya kazi na vyakula. Walijenga kituo Magomero, katika milima ya Shire.

Msidhani kwamba walikuta nchi ya amani. Ilikuwa miaka ya biashara ya watumwa, na misafara ya watu waliofungwa kongwa ilipita ikielekea pwani. Ikafuata njaa, na homa. Askofu Mackenzie alikufa mwezi wa Januari mwaka 1862, hata mwaka mmoja haujatimia. Mwaka 1864 misheni ilihamia Unguja. Waller hakukubali kuwaacha wanawake na watoto waliokombolewa, akawachukua kundi zima hata Cape Town.

Katika taabu hizo zote, Waller alipata nafasi ya kukusanya mimea, na mmoja wa mimea hiyo ulikuwa ua letu la kivulini. Tawi lililokaushwa likafika Kew, bustani kubwa ya mimea karibu na London. Mkuu wa bustani hiyo, Joseph Hooker, akalichunguza, na mwaka 1868 akalitangaza kwa jina la Impatiens walleriana, yaani "asiye na subira wa Waller".

Basi hivi ndivyo ua la korongoni lilivyopata jina la Mwingereza. Sisemi kwamba Waller alikuwa mtu mbaya. Alipigana na biashara ya watumwa maisha yake yote. Lakini historia hatuna budi kuisoma pande zote. Mgeni hakuweza kupita nchi ile peke yake. Alihitaji wenyeji wa kumwonyesha njia, mahali pa maji, na mimea ya kula na ya kuepuka. Jina la ua halikuwataja hao.

Mmoja wa watu wa siku hizo twamjua vizuri. Ni Chuma, kijana Myao, aliyekombolewa mwaka 1861 mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, akakaa na wamisionari pale Magomero. Mwaka 1866 Chuma alirudi na Livingstone kutoka pwani, wakaufuata mto Ruvuma, yaani mto wetu, wakafika Ziwa Nyasa upande wa mashariki mwezi wa Agosti. Pamoja naye alikuwapo Susi, mtu wa Zambezi. Livingstone alipokufa mwaka 1873, hao wawili ndio waliokuwa mbele ya kundi lililochukua mwili wake hata Bagamoyo. Mwaka 1874 walikwenda Uingereza, wakakaa na Waller, wakamsaidia kuzitengeneza kumbukumbu za mwisho za Livingstone ili zichapishwe kuwa kitabu. Walikumbuka majina ya watu, mito na vijiji ambayo Waller asingeyajua. Maarifa yalikuwa yao. Kalamu ilikuwa ya Waller.

Turudi kwa Kirk. Yeye alikuwa amekwenda Unguja tangu mwaka 1866, na baadaye akawa balozi mkuu wa Uingereza kwa Sultani Barghash. Ndiye aliyefanya naye mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa. Huko nako hakuacha kukusanya mimea. Alipeleka Kew ua lililo hai, na Hooker akalichukua kuwa aina mpya. Mwaka 1882 akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Katika mwaka huo huo wa 1882 Chuma alifariki huko Unguja.

Kwa hiyo ua moja likawa na majina mawili, moja la mmisionari na moja la sultani. Karibu miaka mia moja ilipita kabla wataalamu hawajakubaliana kwamba ni mmea mmoja. Kanuni yao ni kwamba jina la kwanza ndilo hushinda, basi jina la mwaka 1868 likabaki. Mpaka leo ua hili ni la Waller.

Misheni ile ya Magomero nayo ilirudi kwetu. Mwaka 1885 ilijenga kisiwani Likoma, na kutoka hapo ikaenea mwambao wetu wote. Mmoja wao, William Percival Johnson, alisafiri ziwani zaidi ya miaka arobaini, na kaburi lake liko Liuli, alikozikwa mwaka 1928. Wale wa Liuli mwalijua.

UA LAZUNGUKA DUNIA

Huko Ulaya watu walilipenda ua hili kwa sababu mbili. Kwanza, halikuchoka kuchanua. Waingereza wakaliita Lizzie mwenye shughuli, kama msichana asiyepumzika. Pili, lilikubali kukaa kivulini, dirishani na ukumbini, mahali ambapo maua mengi hufa. Akina mama walikata vipande vya shina, wakavitia katika glasi ya maji, vikatoa mizizi, wakawagawia majirani. Hivyo ua likapita nyumba kwa nyumba.

Katika karne ya 20 likawa biashara. Mmarekani mmoja, Claude Hope, alikuwa amekwenda Costa Rica, nchi ya Amerika ya Kati, wakati wa vita kuu ya pili. Akaona ua hili limeota huko kando ya barabara kama limezaliwa pale. Akalichukua, akachagua mimea mifupi yenye maua mengi, akaichanganya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mbegu zake zikaanza kuuzwa Marekani na Ulaya. Katika shamba lake la Linda Vista, wanawake wengi waliajiriwa kupaka chavua kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Watu walilipwa mshahara kufanya kazi ambayo huku kwetu hufanywa na kipepeo.

Hata ikafika wakati ambapo ua hili lilikuwa miongoni mwa maua ya bustani yaliyouzwa zaidi Marekani. Mahali pengine, kama Australia, lilitoroka bustanini likaingia misituni, likawa gugu la kuwasumbua wenyeji. Mtu mwema kwao aweza kuwa msumbufu ugenini. Mimea nayo ni hivyo.

Kisha kukatokea msiba. Mwaka 2003 wakulima wa maua wa Uingereza waliona majani yakigeuka manjano, na chini yake unga mweupe kama manyoya. Baada ya siku chache majani yote yalianguka, shina likabaki tupu. Ulikuwa ugonjwa ambao mabwana shamba wetu wauita ubwiri vinyoya. Mwaka 2011 na 2012 ulienea Marekani, na bustani kwa bustani zikafa. Wenye maduka wakaacha kuliuza, wakauza badala yake ndugu yake wa kisiwa cha New Guinea, ambaye ugonjwa huo haumpati.

Kwa nini lilikufa upesi namna ile? Jibu lake ndilo jambo kubwa la somo hili, basi sikilizeni vizuri. Maua yale ya bustanini yalikuwa mamilioni, lakini yalitokana na mimea michache, na yalichaguliwa mpaka yakafanana kama sarafu. Adui akipata njia ya kumwingia mmoja, amewapata wote. Mmea wa porini haufanani na jirani yake. Mmoja wavumilia baridi, wa pili wavumilia ukame, wa tatu wavumilia ugonjwa fulani. Kwa sababu hiyo mmea wa shambani unaposhikwa na ugonjwa mpya, wataalamu huwatafuta ndugu zake wa porini, ili wapate damu yenye nguvu. Kwa kahawa huenda katika misitu ya Ethiopia, nchi ya asili yake.

Baada ya kazi ya miaka mingi wataalamu wamepata mbegu mpya za ua letu zinazoustahimili ugonjwa ule. Na kampuni ya Syngenta ilipotafuta jina la mbegu zake, ilichukua neno la Kiswahili. Mbegu hizo zaitwa Imara.

KWETU NYUMBANI

Sasa turudi Umatengo na Nyasa. Wilaya zetu zilikuwa wilaya moja mpaka Nyasa ilipotengwa mwaka 2012, lakini maji hayajui mipaka ya wilaya. Mvua inyeshayo juu Mbinga ndiyo ishukayo ziwani.

Wamatengo wana neno ntambo. Ntambo ni kipande cha mlima kilichozungukwa na vijito, na humo ukoo hukaa: juu msitu, kati nyumba na kahawa, kisha mashamba ya ngoro, na chini bondeni maji. Katikati ya karne ya 19, vita vya Wangoni vilipowasukuma wazee wetu milimani, walikaa wengi mahali padogo penye miteremko mikali. Wakaiendeleza ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kama masega ya nyuki, ambayo hushika maji ya mvua na kuzuia udongo usichukuliwe. Miaka ya 1920 ikaja kahawa. Wageni kutoka vyuo vya mbali wamekuja kuitazama ngoro na kuisifu. Basi watu wetu si wajinga wa ardhi.

Lakini nina jambo la kukiri mbele yenu. Kijito cha nyumbani kwetu, kile ambacho mama alikikumbuka, hakina tena maua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mimi na kaka zangu tulifyeka kando yake, tukakata mikuyu miwili, tukapanda nyanya mpaka kwenye ukingo wa maji. Nyanya zile zililipa ada yangu ya shule. Siwezi kusema kwamba zilikuwa dhambi, kwa maana bila nyanya zile nisingekuwa hapa nikisema nanyi. Mwaka wa kwanza maua yaliungua kwa jua. Miaka iliyofuata udongo uliporomoka kijitoni. Siku hizi, ukifika mwezi wa Oktoba, mama hupanda mlima kwenda kuteka maji katika korongo la juu, ambako hatukukata kitu. Ndiko maua yaliko.

Mwaona sasa kwa nini nimeliita somo hili la historia. Ua la kivulini ni shahidi. Haliwezi kuishi pasipo maji na kivuli, basi mahali lilipo, maji na kivuli vipo. Mahali lilipotoweka, hesabuni miaka, mtaona kijito nacho chapungua.

Tena kivuli kile si cha ua peke yake. Humo hukaa vipepeo, nyuki na ndege. Sitawadanganya kwamba ua hili litaongeza kahawa yenu. Vipepeo wake si wachavushaji wakubwa wa kahawa. Mbuni wetu waweza kujizalia wenyewe. Lakini wataalamu walipochunguza mashamba ya Kilimanjaro, katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 2014, waliona kwamba mahali nyuki walipoachwa kuyafikia maua ya kahawa, tunda liliongezeka uzito kwa asilimia 7 hivi. Ndege na popo nao, kwa kula wadudu, waliongeza idadi ya matunda kwa karibu asilimia 9. Nyuki na ndege hao wahitaji mahali pa kukaa na chakula mwaka mzima, si siku zile chache kahawa inapochanua.

Sheria nayo yasema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au wa ziwa. Najua mnalonung'unika. Katika ntambo nyembamba, mita 60 ndilo shamba lote. Ndiyo sababu nataka jambo hili lizungumzwe katika vikundi, wala lisingoje mgambo. Anzeni na chemchemi, kisha kingo zilizo kali kuliko nyingine. Rudisheni mikuyu na mivengi. Mikaratusi ipandwe mbali na maji, maana yanywa kuliko ng'ombe.

JINSI YA KULIPANDA

Wale wanaotaka kulipanda ua hili nyumbani, waandike.

Kwanza, msing'oe mmea wa korongoni. Chukueni mbegu au kipande. Kwa mbegu, tafuteni kifuko kilichovimba, kifungeni taratibu kwa kitambaa chepesi, halafu kiguseni; mbegu zitapasukia ndani ya kitambaa. Kwa kipande, kateni ncha ya shina urefu wa kidole, ondoeni majani ya chini, tieni katika kikombe cha maji kivulini. Baada ya wiki moja au mbili mizizi itaonekana.

Pili, tengenezeni udongo laini wenye mboji. Majani yaliyooza chini ya miti ndiyo mazuri kuliko yote.

Tatu, mbegu msizifukie. Zinyunyizeni juu ya udongo na kuzikandamiza kidogo, kwa maana zataka mwanga ili ziote. Loweshezeni taratibu, udongo usikauke. Zitachomoza kwa muda wa wiki mbili au tatu.

Nne, pandeni mahali penye kivuli: chini ya migomba, upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana, au karibu na mahali pa kuoshea vyombo, maji yasiyo na sabuni yanapomwagika.

Tano, msipulize dawa ya wadudu karibu nalo. Mkipuliza, mmewaita vipepeo karamuni na kuwapa sumu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini mwetu walikaa katika vikundi kama hivi, wakasikiliza redio, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali. Wazee wengi wanaonisikiliza walikuwamo. Kusikiliza tu hakukutosha siku zile, wala hakutoshi leo. Basi jadilianeni:

Moja. Katika lugha ya nyumbani kwenu ua hili laitwaje? Waulizeni wazee, na zaidi akina mama wachotao maji. Andikeni jina hilo pamoja na jina la kijito. Jina la Waller limo vitabuni. La kwetu lisipoandikwa litakwenda na wazee.

Mbili. Ni vijito gani vilivyokuwa na maji mwaka mzima mlipokuwa watoto, na sasa hukauka? Nini kilifanyika kando yake, na mwaka gani?

Tatu. Ni ukingo gani mmoja ambao kikundi chenu chaweza kuuacha upumzike kuanzia masika haya? Yule ambaye bustani yake iko hapo atapewa nini badala yake, ili asipate hasara peke yake?

Swali la tatu ni gumu kuliko yote. Msiliruke.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliacha mbachao wangu, nikaununua msala Dar es Salaam. Mwezi uliopita nilikwenda na mama mpaka korongo la juu. Tulikata vipande sita, tukavipanda kando ya kijito chetu cha zamani, chini ya mkuyu mchanga ambao kaka yangu amekubali kutoukata. Vinne vimeshika. Mama hupita kuvitazama kila anapokwenda kuteka maji, na bado huyateka kule juu.

Juma lijalo, saa kama hii, tutajifunza kusoma hesabu za chama cha ushirika. Leteni penseli. Kwaherini, ndugu wasikilizaji, na kazi njema.